Nani Ataziba Rejeta?

Katika Kiswahili cha mitaani Tanzania, mtu aliyeshindwa jambo mbele ya watu huambiwa "umechemsha". Dereva akisema gari lake limechemsha, hana mafumbo. Maji yaliyopaswa kuipoza injini yamekuwa mvuke, boneti inafuka, na abiria wanashuka mmoja mmoja kutafuta kivuli. Chanzo chake mara nyingi ni kidogo kuliko aibu yenyewe: tundu la ukubwa wa ncha ya sindano kwenye rejeta. Limedondosha tone tone kwa wiki kadhaa, limeacha doa la kijani au la waridi chini ya bampa, na hakuna aliyelijali mpaka siku gari lilipokutana na mlima.

Mwenye gari kuukuu hapo ana njia tatu: kuziba, kulehemu, au kununua rejeta nyingine. Tunazizungumza kana kwamba ni suala la mfuko tu. Lakini kila njia ilizaliwa katika wakati wake na kwa sababu zake, na ukizifuata unaona jambo moja likibadilika polepole kwa zaidi ya miaka 130: ni nani anayeweza kulitengeneza gari likiharibika. Kwanza alikuwa dereva mwenyewe. Baadaye akawa fundi. Leo, mara nyingi, ni duka.

Tuanze na joto. Injini ya petroli hugeuza sehemu ndogo tu ya nguvu ya mafuta kuwa mwendo. Nyingine kubwa inakuwa joto. Joto jingine hutoka na moshi kwa bomba la ekzosi, na lililobaki lazima lipelekwe mahali, la sivyo vyuma hutanuka, mafuta ya kulainisha hupoteza kazi yake, na injini hukwama. Karl Benz alilijua hilo alipoomba hataza ya gari lake la magurudumu matatu tarehe 29 Januari 1886. Jibu lake lilikuwa rahisi: aliizungushia injini maji na kuyaacha yachemke. Mvuke ulikwenda na joto lake, na dereva akaongeza maji mengine.

Kwa hiyo katika gari la kwanza maji yalikuwa kama mafuta, kitu cha kutumika na kwisha. Agosti 1888 mke wake, Bertha Benz, alichukua gari bila kumwambia mumewe, akawapakia wanawe wawili, Eugen na Richard, wakatoka Mannheim kwenda Pforzheim, safari ya zaidi ya kilomita 100. Inakumbukwa kwamba alinunua mafuta kwenye duka la dawa mjini Wiesloch, na kwamba aliuzibua mrija wa mafuta kwa pini ya kofia. Kazi iliyojirudia zaidi haisimuliwi sana: kusimama kila mara kwenye visima, vijito na nyumba za wageni kuomba maji. Hakuna aliyeona ajabu. Gari lile halikuwa na hitilafu, lilikuwa linakunywa.

Uvujaji kama tunavyoujua leo, yaani kosa linalopaswa kurekebishwa, ulikuja maji yalipofungiwa ndani yazunguke na kurudi. Hatua kubwa ilifanywa na Wilhelm Maybach wa kampuni ya Daimler mwaka 1900, alipobuni rejeta ya sega la asali kwa ajili ya gari jipya lililoitwa Mercedes, jina la binti wa mfanyabiashara Emil Jellinek aliyeliagiza. Rejeta ile ilikuwa na vijibomba 8,070 vya pembe nne, kila kimoja milimita 6 kwa 6. Hewa ilipita ndani ya vijibomba, na maji yalipita katikati yake. Gari lenye nguvu zaidi sasa lilihitaji lita 9 tu za maji, karibu nusu ya kiasi cha awali.

Fikiria hesabu ya kazi ile. Vijibomba 8,070 vina ncha 16,140, na kila ncha ilipaswa kushikwa kwa lehemu isipitishe maji. Ubunifu uliolikomboa gari kutoka kwenye kisima uliweka mbele ya injini kitu chenye maelfu ya mahali pa kuvuja, tena pale pale kokoto za barabarani zinapogonga kwanza. Rejeta za baadaye ziligeuza mpango huo, zikapitisha maji ndani ya mirija na hewa kati ya mapezi membamba ya bati. Zilikuwa rahisi kutengeneza kiwandani, lakini kanuni ilibaki ile ile: ili joto litoke, ukuta kati ya maji na hewa lazima uwe mwembamba. Rejeta ngumu isiyotoboka ingekuwa rejeta mbaya.

Mwaka 1908 ikaja Ford Model T, na kabla haijaacha kuundwa mwaka 1927 yalikuwa yametoka magari zaidi ya milioni 15. Baada ya magari 2,500 ya kwanza, Ford waliondoa pampu ya maji. Walitegemea tabia ya maji yenyewe: ya moto hupanda, ya baridi hushuka. Wanunuzi wengi walikuwa wakulima wa Marekani walioishi mbali na gereji yoyote, na kwao ndiko zilikokolea tiba za jikoni ambazo madereva wa pande nyingi za dunia bado wanazijua: ute wa yai, pilipili manga iliyosagwa, unga wa haradali, shayiri. India wana manjano.

Tiba hizi si ushirikina. Ute wa yai ni protini, na protini huganda inapopata joto. Ukimiminwa kwenye maji yanayozunguka, unavutwa kuelekea tundu pamoja na maji yanayotoka, unaganda pale, na tundu linafunga. Pilipili na manjano hufanya kazi ya kokoto ndogo kwenye mfereji: chembe hukwama mahali penye mwanya. Lakini yai halina akili ya kutofautisha tundu na njia. Linaganda pia ndani ya mirija myembamba ambayo maji yanapaswa kupita, na mwisho wake rejeta haivuji tena lakini haipozi. Dawa za kuziba zinazouzwa madukani zimeboreshwa, ila wazo lake ni lile lile, na hatari yake ni ile ile ukizidisha. Zinafaa kukufikisha nyumbani, na ni kosa kuzifanya nyumba.

Magari yalifika kwetu mapema. Mwaka 1907, Vita vya Majimaji vilipokuwa vinazimwa kusini mwa nchi, afisa wa Kijerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari akikusudia kulivuka bara. Aliondoka tarehe 10 Agosti na kufika Swakopmund, katika pwani ya Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Ni siku 630. Njiani hakukuwa na gereji wala kituo cha mafuta. Kila kilichohitajika kilibebwa au kilitangulizwa, na jina lililobaki ni la aliyeshika usukani, si la waliosukuma na kubeba. Watu wengi wa bara walilijua gari kwanza kama kitu kilichohitaji jasho la wengine ili liende.

Kaskazini mwa Afrika, jangwa lilitoa somo jingine. Katika miaka ya 1920 Ralph Bagnold, afisa wa Uingereza aliyekuwa kazini Misri, alianza na wenzake kuendesha magari ya Ford katika mchanga wa Libya. Rejeta za wakati ule zilikuwa na mrija wa kumwaga mvuke nje, na jangwani kila tone la maji ya injini lilikuwa tone lililonyang'anywa mtu. Bagnold na wenzake waliupeleka mrija huo kwenye debe lenye maji kiasi, lililofungwa pembeni ya gari. Mvuke uliingia kwenye debe ukapoa na kuwa maji. Injini ilipopoa, rejeta ilivuta maji yake ikayarudisha. Mwaka 1940 kikosi alichokianzisha Misri kwa ajili ya doria za jangwani kilitumia mbinu hiyo hiyo. Ukifungua boneti ya gari lolote la leo ukaona kopo la plastiki lenye alama za juu na chini, umeona jamaa wa debe la Bagnold.

Wengine waliamua kuachana na rejeta kabisa. Volkswagen ya mgongo wa kobe ilipozwa kwa hewa na haikuwa na maji ya kuvuja. Mashindano ya magari ya Afrika Mashariki yalipoanza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, njia zake zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye vumbi na matope yaliyoua magari makubwa zaidi. Volkswagen hiyo ndogo iliibuka mshindi mwaka 1954, 1957 na 1962. Hata hivyo dunia haikuifuata. Maji hulidhibiti joto la injini kwa usawa zaidi kuliko hewa, na hupunguza kelele. Mwaka 1974 Volkswagen yenyewe ilileta Golf, gari linalopozwa kwa maji.

Wakati huo barabara zetu zilikuwa zimeanza kuwalea mafundi wake. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Rhodesia ilijitangazia uhuru, na Zambia, iliyotegemea reli ya kusini kupata mafuta na kusafirisha shaba, ikageukia bandari ya Dar es Salaam. Kabla ya bomba la mafuta la TAZAMA kukamilika mwaka 1968, malori yalibeba mapipa ya mafuta kwenye barabara ya udongo iliyopata jina la Njia ya Jehanamu. Anayepita leo Kitonga, mkoani Iringa, kwenye lami, akiyaona malori yakipanda kwa gia ndogo huku feni zikilia, anaweza kukisia mlima ule ulizidai rejeta kiasi gani wakati hakuna lami. Upande wa Kenya, mji ulio chini ya ukingo wa Bonde la Ufa unaitwa Mai Mahiu, yaani maji ya moto kwa Kikuyu. Jina hilo linamchekesha kila dereva aliyewahi kupanda pale na mshale wa joto ukiwa juu.

Rejeta za malori hayo, kama karibu rejeta zote za enzi hiyo, zilikuwa za shaba. Mirija na matangi vilitengenezwa kwa shaba ya njano, mapezi kwa shaba nyekundu, na viungo vilishikwa kwa lehemu ya risasi na bati. Hapa ndipo jambo muhimu lilipojificha: lehemu huyeyuka kwa joto dogo kuliko shaba. Anayeweza kuwasha moto wa kutosha anaweza kuifungua rejeta yote na kuifunga tena. Kiwanda kilitumia njia ambayo fundi chini ya mwembe angeweza kuirudia. Sidhani kama viwanda vilikusudia kumpa fundi huyo zawadi, lakini aliipata.

Ndivyo ilivyokua kazi ya fundi rejeta, kwenye gereji bubu za Tanzania na kwenye jua kali la Kenya. Hatua zake hazina siri. Rejeta hushushwa, midomo yake huzibwa kwa mpira, na yote huzamishwa kwenye pipa lililokatwa na kujazwa maji. Hewa ikipulizwa ndani, mapovu huonyesha tundu lilipo. Mahali hapo hukaushwa, husuguliwa kwa brashi ya waya, hupakwa tindikali, kisha hupashwa moto mpaka lehemu itembee yenyewe kama maji kwenye jani la mgomba. Mrija uliooza kupita kiasi hubanwa pande zote mbili na kuzibwa. Rejeta hupoteza njia moja ya maji, lakini zilizobaki huendelea na kazi. Tangi la juu likifunguliwa, mirija iliyojaa kutu na chokaa huchokonolewa kwa ufito mwembamba wa bati. Rejeta moja inaweza kurudi kwa fundi mara nyingi na kuzeeka pamoja na gari.

Kuna deni ambalo kumbukumbu nzuri hulisahau. Risasi ni sumu. Moshi na vumbi lake huingia mwilini na kukaa humo, huharibu neva na figo, na watoto huumia zaidi. Uchunguzi wa afya kazini nchini Marekani na kwingineko umekuta risasi nyingi kwenye damu ya mafundi wa rejeta, na fundi huweza kuipeleka nyumbani kwenye nguo zake. Anayeililia enzi ya lehemu akumbuke nani aliyevuta moshi wake.

Kuanzia miaka ya 1970, bei ya mafuta ilipopanda na magari yakatakiwa kuwa mepesi, viwanda vilianza kuiacha shaba. Rejeta ya kawaida ya gari dogo leo ina mirija na mapezi ya alumini, na matangi ya plastiki yaliyobanwa kwa meno ya alumini juu ya mpira. Ni nyepesi, hugharimu kidogo kuiunda, na kwa kuipoza injini haina aibu. Lakini lehemu ya risasi haishiki alumini kama ilivyoshika shaba. Alumini hujivika ngozi ya oksidi papo hapo, na kuichomelea kunataka mashine maalumu na mkono uliozoea, kwenye mirija myembamba kiasi kwamba moto ukizidi kidogo mrija unayeyuka. Plastiki nayo, baada ya miaka ya kupashwa na kupoa, hugeuka kahawia na kupasuka mstari mrefu karibu na mdomo wa mpira wa juu. Fundi mwenye subira huweza kukunjua meno, kubadilisha mpira wa kati na kuyakunja tena. Tangi likishapasuka, gundi yoyote utakayopaka inahesabu siku.

Magari haya ndiyo tunayoyapokea. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Tanzania huruhusu makuukuu zaidi kwa kodi ya ziada. Kwa vyovyote, gari likifika Mombasa au Dar es Salaam kutoka Japani, plastiki ya rejeta yake imekwisha kula miaka mingi. Waliolibuni walifikiria mmiliki wa kwanza, na sisi ni wa pili, wa tatu, au wa tano.

Tena tumelipokea pamoja na kutoelewana kuhusu maji. Kimiminika chenye rangi kinachowekwa kwenye rejeta kilianza kutangazwa katika nchi za baridi kuzuia maji yasigande, kwa sababu barafu hutanuka kwa karibu asilimia 9 na huweza kupasua chuma. Kwetu hakuna barafu barabarani, kwa hiyo wengi wanaona ni anasa, wanajaza maji ya bomba au ya kisima. Lakini kazi yake ya pili ndiyo inayotuhusu: dawa zilizomo huilinda alumini isiliwe. Rejeta ya shaba iliyavumilia maji ya kisima kwa miaka. Ya alumini haina uvumilivu huo, na maji yenye chumvi huitafuna kimyakimya kutoka ndani mpaka matone yaanze. Kimiminika hicho kina utamu na kinaua, kwa hiyo kisimwagwe mahali ambapo mtoto au mbwa anaweza kukilamba.

Kifuniko nacho kina historia yake. Kwa kuyabana maji kwa shinikizo la karibu bari 1 zaidi ya hewa ya kawaida, kifuniko cha kisasa huyazuia yasichemke mpaka karibu nyuzi joto 120. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, sufuria iliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 au 95. Kwa hiyo tundu dogo halipotezi maji tu, linapoteza pia shinikizo lililokuwa likiyashikilia yasichemke. Ndiyo sababu pia kufungua kifuniko injini ikiwa ya moto ni hatari: maji yaliyotulia chini ya shinikizo hugeuka mvuke kwa sekunde moja, na uso wa anayefungua ndio ulio karibu. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu ushikike kwa mkono bila kuunguza.

Basi swali la kuziba, kulehemu au kununua lina jibu, lakini linaanza na swali jingine ambalo wengi hawaulizi: rejeta yako ni ya nini? Kama ni ya shaba, iliyobaki kwenye pikapu au lori la zamani, usikubali kuiuza kama chuma chakavu kabla fundi wa lehemu hajaitia kwenye pipa lake. Ina miaka mingine ndani yake. Mtafute mapema, kwa sababu kila rejeta ya shaba inayotupwa inampunguzia sababu ya kufundisha kijana mwingine. Kama ni ya alumini yenye tangi la plastiki lililopasuka, nunua nyingine mapema kabla ya safari, jaza kimiminika sahihi, na usiitegemee dawa ya kuziba zaidi ya kukufikisha. Ukichelewa, kichwa cha silinda kitapinda, gasketi itaungua, na ulichokwepa kulipa kwenye rejeta utakilipa mara kadhaa kwenye injini.

Hatuwezi kurudi kwenye shaba kwa kutamani, na mapafu ya mafundi hayatuombi turudi. Ila kuna la kudai. Ndani ya miaka 100 gari limetoka kwenye ukuta mwembamba ambao mtu mwenye moto na lehemu angeuziba, likafika kwenye ukuta mwembamba ambao anaweza tu kuutupa. Mabadiliko hayo yaliamuliwa mbali na Kitonga, na watu ambao hawatasimama pale na dumu la maji. Nchi zinazoendesha magari yaliyotumika zina haki ya kuuliza, zinapoweka masharti ya kuingiza gari, si umri wake tu bali pia kama linatengenezeka. Vyuo vyetu vya ufundi navyo vinaweza kumfundisha fundi rejeta kuchomelea alumini kwa mashine na kinga inayofaa, ili kazi yake isife na yeye asife nayo.

Mpaka hapo, kabla ya safari ndefu, inama asubuhi injini ikiwa baridi uangalie chini ya bampa. Ukiona doa, bado una muda wa kuchagua.